Mistari Saba Mitupu

...hapa chini, mama mwenyekiti, hapa penye nukta nukta, anasema koplo, na kidole chake kina mafuta ya chapati, kimeacha doa kwenye karatasi ya serikali, koplo mzima anakuja kupekua nyumba ya mtu na hata kunawa hajanawa, na mimi nimesimama uani kwa Waitara na kalamu mkononi kama mtoto aliyeitwa ubaoni hajui jibu, wakati jibu lenyewe jepesi, andika Winfrida, mwenyekiti wa kitongoji, shahidi, basi, nirudi kwenye mihogo yangu niliyoianika, kuku watakuwa wameshaivamia... "Ukishasaini kaa zako hapo kivulini, mama, sisi tutajaza wenyewe," watajaza wenyewe, mistari saba mitupu, imepewa namba moja hadi saba, vitu vilivyokutwa ndani ya nyumba, na nyumba haijaingiwa, mlango umefungwa, halafu vimekutwa, na wale askari wake wawili wamesimama nyuma wanachokonoa meno, hakuna hata mmoja anayeona haya... na mwenye nyumba naye, mtazame, amesimama wima mlangoni, mikono mgongoni, fulana ameichomekea, viatu vinang'aa asubuhi yote hii, mtu anapekuliwa nyumbani kwake naye amepaka viatu rangi, alipoonyeshwa hati ya upekuzi akavaa miwani akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, nikasema sasa huyu aliyekaa jeshini miaka thelathini atauliza la maana, atauliza nani kasema ana nyama ya pori ndani, atauliza hakimu gani kaitia sahihi, na alichouliza, jamani... "Hapa mmeandika Sajini. Mimi si Sajini, mura. Mimi ni Afisa Mteule Daraja la Kwanza, mstaafu. Rekebisha." Na koplo, huyo mura, huyo kijana, akarekebisha, kwa kalamu hii hii niliyoishika mimi, mtu analetewa kifungo cha miaka ishirini mlangoni kwake, kwa maana kukutwa na nyara za serikali, hata kipande cha nyama ya pori, ni miaka ishirini, hilo hata watoto wa hapa Nyamwaga wanalijua, naye anadai cheo, aandikwe vizuri kwenye karatasi ya kumfunga, na hicho cheo sisi wengine hatujui hata kinakaa juu ya nani na chini ya nani, ila tumekisikia kila msiba, kila harusi, mpaka kwenye kisima cha shule alipokuwa anatupangisha foleni ya maji kama kuruta... huyu ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa uchaguzi akasema boma haliongozwi na sketi, watu wakacheka, na wanawake wakacheka, hao ndio walioniuma zaidi, nikashinda, na tangu siku ile hajawahi kuniita mwenyekiti, ananiita wewe mama Brayan, kama anayemwita mtu amwondolee mbuzi shambani, hata leo hanitazami, anatazama juu ya kichwa changu, kuna nini huko, bendera?... basi saini, Winfrida, nani atakulaumu, saini ukaokoe mihogo yako, mwache akawapangishe foleni wafungwa wenzake...

Ila nyama ya pori Waitara hali. Hilo nalijua. Alisema mwenyewe kwenye msiba wa jirani yetu, baba yake Ezra, sahani mkononi, kwa sauti ya paredi, nyama ya pori ni chakula cha mtu asiye na zizi, na wasio na zizi walikuwa wamekaa pale pale wanamsikiliza, ndivyo alivyo, na hata dharau yake ni ushahidi sasa, ushahidi mzuri kuliko huu wa mistari saba, lakini koplo hajui, amehamia juzi, kwake sisi wote huku ni watu wa kula nyumbu... "Mwenyekiti," anasema Bhoke, mke wa Waitara, amekaa kwenye kizingiti cha jiko na ungo mapajani, uani humu ni yeye tu na koplo wanaoniita hivyo, na koplo ananiita kwa sababu ana shida na mimi, "mwenyekiti, ingia nao, mwanangu. Mimi hata mahindi sinunui mpaka gunia lifunguliwe." "Nyamaza wewe! Hii ni kazi ya sheria," anafoka Waitara, afisa mteule, anamnyamazisha mtu mmoja mwenye akili hapa, na koplo anatabasamu, bila shaka atatabasamu... semina tulikwenda, wenyeviti wote, tukakaa kwenye viti vya plastiki siku nzima, tukanywa soda, mwanasheria akaeleza polepole kama anafundisha darasa la pili, shahidi anawapekua kwanza askari wenyewe, mifuko na mabegi, kisha anaingia nao, anaona kwa macho yake, vitu vinaandikwa, anasomewa, ndipo anatia saini, nikaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, niliupenda ule mwandiko, daftari liko kabatini chini ya vitambaa...

...lilikuwa kabatini vilevile mwaka juzi, mwezi wa tano, kwa Simioni, mvua inanyesha, koplo mwingine, akaniambia mama, karatasi italowa, saini haraka, na mimi nikasaini haraka, nikabaki upenuni na mwavuli wangu, wakaingia watatu, wakatoka na kiroba, vipande viwili vya nyama kavu, pundamilia, kulikuwa na kiroba walipoingia au hakikuwapo, sijui, sikutazama, nilikuwa natazama viatu vyangu visiingie tope... na mahakamani wakaniuliza ulikuwepo, nikasema nilikuwepo, hii ni saini yako, nikasema ni yangu, sikusema uongo hata mmoja, nilirudi nyumbani nikijisifu, nilikuwepo, kama nguzo ya upenu ilivyokuwepo, halafu hakimu akamwambia Simioni, mshtakiwa, una swali kwa shahidi, na Simioni akaniuliza, taratibu, kama anayeniomba chumvi, dada Winfrida, uliiona ikitoka wapi? nikajibu, imeandikwa...

Imeandikwa! Na mimi namcheka Waitara kwa ajili ya cheo. Namcheka koplo kwa ajili ya chapati. Yeye mafuta yake yanaonekana... kwa hiyo kwa nini kalamu haiendi, na haiendi kwa sababu gani hasa, Winfrida, sema kweli, si kwa kumhurumia huyu, huyu hata nikimwokoa atasema sketi iliogopa kutia saini, siyo yeye, ni kwamba nikisema sasa hivi, koplo, subiri, niingie nione kwanza, maneno matano, basi mwaka juzi pia yalikuwa maneno matano, mvua au jua, na niliyaweza, na Simioni, aliyenibebea maji Brayan alipozaliwa, hakuyapata, anayapata huyu... nikisaini leo mimi ni mtu anayesaini siku zote, mtu wa karatasi tu, hana kosa, nikikataa leo nimejihukumu... na Veronika. Mama yake Simioni. Siku ile alisimama na kanga imelowa akasema kwa kuwa upo wewe sina wasiwasi, na baadaye, baada ya hukumu, akaniambia ningemwamini mwanangu kama usingekuwa wewe uliyesaini, wewe huwezi kusema uongo, na hajawahi kwenda kumwona gerezani, mara moja hajawahi, anasema hakuzaa jangili, na kila msimu ananiletea mkungu wa ndizi, wa mwisho tumeula juzi, tumemaliza...

"Mama mwenyekiti, jua linapanda," anasema koplo, na karatasi iko palepale juu ya kigoda, mistari saba, na kalamu iko palepale mkononi mwangu, na Waitara anatazama bendera yake isiyokuwepo, nitaingia, najua sasa kwamba nitaingia, lakini siyo mlango huu unaonitisha, ni ule mwingine, wa kesho, nitabisha nianzeje, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, atafuta kigoda kwa kanga yake, atauliza watoto hawajambo, hawajambo, na itabidi niseme kabla hajaleta chai, mama, siku ile ya mvua, mimi sikuingia ndani...