Kanuni ya Kutogonga Milango

Mimi hufundisha uraia, na sijawahi kuona haya kusema kwamba shule ndiyo humtengeneza mtu. Nimelisema darasani, nimelisema harusini, nimelisema hata msibani mpaka kaka yangu akanivuta mkono ninyamaze. Kaka ni fundi wa magari, na hunitania kwamba nikimwona mtu anazama nitamuuliza kwanza alimaliza darasa la ngapi. Namwacha aseme. Mdomo haulipiwi kodi.

Basi nilipomtoa mama kwa kaka na kumleta kwangu, nilimleta kifua mbele. Jengo letu lina ghorofa tano na halina mtu asiye na cheti cha maana ukutani. Ghorofa ya kwanza anakaa mhasibu, ya pili mhadhiri wa chuo kikuu, ya nne wakili. Ya tatu anakaa mwanamke mmoja mwenye shahada ya uzamivu katika elimu ya miamba, ambaye sisi wengine tulimpachika jina la Daktari wa Mawe. Mimi na mama tuko juu kabisa.

"Hapa umefika, mama," nilimwambia. "Hapa hakuna kelele, hakuna umbea, hakuna mtu wa kukuingilia ndani kuomba chumvi."

Mama akatazama milango iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, akauliza kama watu wamesafiri.

Ukimya ule ulikuwa kazi ya mikono yangu, maana mimi ndiye katibu wa wakazi. Kabla sijaushika ukatibu, watu walikuwa wakigongeana milango ovyo: huyu bomba lako linavuja kwangu, yule mtoto wako ananirukia kichwani. Nikakaa chini nikaandika kanuni. Mkazi asigonge mlango wa mwenzake. Jambo lolote liandikwe kwenye kundi la simu, na mhusika asubiri majibu. Wakili aliisifu kwa ufupi wake. Mhadhiri akasema sasa tunaanza kuishi kama watu waliosoma. Ikapigiwa kura, ikapita, ikabandikwa kando ya lifti ndani ya fremu ya kioo niliyoinunua mwenyewe.

Aliyeikataa alikuwa mmoja tu. Daktari wa Mawe alijitoa kwenye kundi wiki ileile, bila hata kuaga. Nikamhesabu miongoni mwa wale waliosoma wasielimike. Alikuwa akipanda ngazi na mabuti yenye tope la machimboni, salamu yake ni kutikisa kichwa tu, na mikutanoni hatukumwona hata kivuli. Nilishamsema vya kutosha, na sikuwa nimemaliza.

Sasa, mama ana kisukari. Kila asubuhi namdunga sindano ya insulini, na akishadungwa ni lazima ale ndani ya nusu saa. Asipokula, sukari yake inashuka, anaanza kutetemeka na kutokwa na jasho, kisha anazimia. Kliniki walinieleza bila kuzunguka kwamba akizimia akiwa peke yake anaweza asiamke tena. Mimi ni mtu wa utaratibu. Chai ya maziwa na mkate huwa mezani kabla sijagusa sindano. Lakini Jumamosi ile nilikuwa na mtihani wa kusimamia, haraka ikanishika, nikamdunga kwanza. Kufungua kabati, mkate hakuna. Maziwa yamechacha. Sukari nilishaipiga marufuku tangu siku aliyohamia, na hata peremende alizopewa na kaka kwa siri nilizisaka mpaka nikazipata nikazitupa.

"Nashuka dukani, narudi sasa hivi," nikamwambia. "Jifungie kwa komeo, usimfungulie mtu."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani, mama."

Nikanunua mkate, maziwa na ndizi, nikaingia kwenye lifti nikitweta. Ikapanda vizuri, ikapita ghorofa ya tatu, kisha ikashtuka na kusimama. Taa ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika, na mimi nimo ndani ya boksi la chuma, nimekumbatia kifungua kinywa cha mama yangu.

Sikupaparika. Mama hana simu, lakini nilijua niko kwenye jengo gani. Nikatoa simu nikaandika kwenye kundi: "Nimekwama kwenye lifti kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mama yangu amedungwa insulini na hajala. Tafadhali, mtu mmoja apande ghorofa ya tano ampelekee kitu chochote chenye sukari. Ni dharura." Hata katika giza lile niliweka nukta na mikato yote mahali pake.

Majibu hayakuchelewa. Nikajisemea, umeona, hii ndiyo faida ya kuishi na wasomi.

"Pole sana, Mwalimu," aliandika Mhadhiri. "Mungu amtie mama nguvu."

Mhasibu akatuma picha ya viganja vilivyokutana, akatuma tena, akatuma tena.

"Nimeshatoa taarifa kwa mamlaka husika," akaandika Wakili.

Sentensi ile niliijua kama jina langu. Ndiyo ninayoiandika ubaoni kila mwaka. Raia mwema akiona hatari hufanya nini? Hutoa taarifa kwa mamlaka husika. Alama mbili.

"Mamlaka ipi?" nikauliza.

"Watu wa umeme na watu wa lifti. Wamepokea."

"Mama yangu je?"

Kisha Mhadhiri akaandika: "Napendekeza tuteue mtu mmoja, ili tusije tukajazana mlangoni kwa mgonjwa." Mhasibu akaunga mkono. Wakili naye akaunga mkono. Mhasibu akauliza nani yuko karibu zaidi. Wakili akajibu kwamba kimsingi ni yeye, ila kwa tahadhari ingefaa Mwalimu athibitishe kwa maandishi kuwa anaruhusu mtu aingie kwake wakati hayupo.

"NARUHUSU. NENDENI," nikaandika, na safari hii nukta ziliwekwa na hasira.

"Asante kwa uthibitisho," akaandika Mhadhiri. "Kwa hiyo nani anakwenda?"

Hakuna aliyejibu. Nikaitazama simu ile mpaka macho yakauma. Wote walikuwa nyumbani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na ukuta mmoja tu ulinitenga na wengine. Akilini nikamwona mama kwenye kiti chake, paji la uso linameremeta jasho, vidole vinacheza juu ya magoti, na bado anatazama komeo lile nililomwambia asiliguse. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Mkate ukaanguka. Nikaanza kuupiga mlango wa lifti kwa ngumi, kisha kwa kiatu, na kupiga mayowe ambayo sikujua kama ninayo. Mayowe hayakuwa na mkato wala nukta.

"Nani humo?" Sauti ya mwanamke, upande wa chini, karibu na miguu yangu.

"Mwalimu! Ghorofa ya tano! Mama yangu ana kisukari, amedungwa na hajala, mpelekee sukari!"

"Nimekusikia."

Hakuuliza kingine. Nikasikia miguu mitupu ikirudi mbio, mlango ukifunguka, kisha miguu ileile ikipanda ngazi kwa kasi ikanipita na kuendelea juu. Ndipo nilipoitambua ile sauti. Daktari wa Mawe. Halafu, kutoka juu, nikasikia kishindo cha mlango ukigongwa. Haukuwa ugongaji wa adabu. Ulikuwa ugongaji wa mtu anayetaka mlango uvunjike na mengine yazungumzwe baadaye.

Kishindo kikanyamaza. Miguu ikashuka tena.

"Mwalimu! Yuko macho lakini hafungui. Anasema mwanawe amemkataza."

Nilitaka kujipiga makofi. "Mwambie mimi ndiye niliyekutuma!"

"Nimemwambia. Anasema kila mwizi husema hivyo. Nipe kitu anachokijua yeye na wewe tu."

Nilikijua papo hapo. Nilikijua, na ulimi ukawa mzito hata wakati ule, Mungu anisamehe. Utotoni nilikuwa nikizunguka nyumba nzima nikiimba masomo ya siku bila kuelewa hata nusu yake, na mama akanipa jina ambalo nje ya nyumba yetu halikuwahi kutoka. Sasa nilikuwa nalipigia kelele ndani ya jengo la watu wenye vyeti, na kila neno linapanda na kushuka kwenye shimo la lifti.

"Mwambie umetumwa na Kasuku!"

"Nani?"

"Kasuku! Kasuku! Mwambie Kasuku anasema fungua!"

Akapanda. Nikasikia "Kasuku" likipigiwa kelele huko juu kwa sauti ya kuamrisha, kisha chuma kikakwaruza chuma. Komeo limefunguka. Nikakaa chini juu ya ndizi na kulia kama mtoto.

Umeme uliporudi na lifti ikanitema ghorofa ya tano, mlango wetu ulikuwa wazi. Mama amekaa kitini, rangi imeanza kumrudi, bilauri ya juisi ya machungwa imeshikwa na mikono miwili, yake na ya Daktari wa Mawe, kwa kuwa wake peke yake bado ulikuwa unatetemeka. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti sakafuni na nguo za kulalia, nywele hazijachanwa, povu la dawa ya meno limekauka kidevuni.

"Kidogo kidogo, mama," alikuwa akisema. "Nusu nyingine. Usinifanyie ujanja."

"Huyu mwenzako ni mkali," mama akaniambia. "Mpe mkate, naye hajala."

Tulimlisha mama mpaka akaanza kulalamika kwamba mkate ni mkavu, na hapo nikajua amepona. Kisha nikamuuliza Daktari wa Mawe swali lililokuwa limenikaba. Watu wengine watatu walijua. Kwa nini alikuja yeye?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevuta pumzi.

"Wengine walijua? Mimi nilidhani ni mimi tu niliyesikia."

Simu yangu ilikuwa ikiitaita mezani. Kundi limechangamka. Mhadhiri anamshukuru Mungu na "wote walioshiriki". Mhasibu ametuma maua. Wakili anapendekeza kikao cha kujadili jenereta. Nikahisi damu inanipanda kichwani.

"Mama, kusanya nguo zako," nikasema. "Nakurudisha kwa kaka. Siwezi kukuacha na watu wasio na utu namna hii. Wamesoma bure hawa. Wamesoma bure kabisa!"

Mama akaiweka bilauri chini. Aliyajua mambo ya ile fremu. Nilikuwa nimemsomea kanuni zote, neno kwa neno, siku ya kwanza alipofika.

"Nani aliwaambia wasigonge?" akauliza.

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Wewe ndiye uliyewaambia waandike, wakaandika. Ukawaambia wasubiri, wakasubiri. Kasuku wangu, umefundisha miaka yote hiyo, umewahi kupata darasa tiifu kuliko hilo?"

Daktari wa Mawe akajifanya anatazama dirishani. Nikasimama, nikashuka ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikaugonga mlango wa Wakili kwa ngumi. Sikuandika kwanza popote.

Alifungua kabla sijapiga mara ya pili, kana kwamba alikuwa amesimama nyuma yake. Na kweli ndipo alipokuwa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumchanachana, lakini macho yangu yakashuka yenyewe. Amevaa tai na viatu, kamba zimefungwa. Kwenye kimeza cha mlangoni kuna kopo la sukari, na kijiko juu yake.

"Nilikuwa tayari, Mwalimu," akasema. "Tangu ulipoandika mara ya kwanza. Nilishika kitasa. Nilikuwa nasubiri tu mtu aniambie kwamba ni mimi."

Nilimwamini, na kumwamini kuliniuma kuliko kumchukia. Huyu hakuwa mtu asiye na utu. Huyu alikuwa mwanafunzi mzuri, wa kwanza darasani, mwenye sukari mkononi na mlango mbele yake, na hatua iliyobaki hakuna mwalimu aliyempa. Mimi nilikuwa nimempa kanuni.

"Ni wewe," nikamwambia. "Twende."

"Sasa hivi? Si ameshapewa?"

"Ameshapewa. Twende hivyohivyo, ukamwamkie."

Akalichukua kopo lake akanifuata. Mama alipomwona mlangoni, mtu mzima na tai yake, ameshika sukari iliyochelewa, hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwonyesha kiti.

"Karibu, baba," akasema. "Kaa hapa karibu nikuone. Wewe ni mtoto wa mlango gani?"