Acha na Miguu Iote Sugu

Kopo lilikaa juu ya meza ya kupigia pasi, kando ya rundo la foronya, na kila asubuhi kabla mashine hazijaanza kunguruma shangazi alilifungua kama mtu anayegawa sadaka. Vidonge vya rangi ya machungwa, vikubwa kama vifungo vya koti. Yeye ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hoteli, na ndiye nahodha wa wanawake wanne waliokuwa wakijiandaa kwa mbio ndefu za wafanyakazi.

"Mezeni. Mkikimbia, mwili unashika kutu ndani. Hiki kinaifuta."

Wenzake wakameza. Binti wa kaka yake, mkamua mashuka, akakirudisha chake mezani taratibu.

"Mimi sitaki, shangazi."

"Hutaki kidonge au hutaki jezi? Maana vinatembea pamoja."

Mpiga pasi akacheka. "Mwache atunze kutu yake, aje aiuze kwa wanunua vyuma chakavu."

Binti hakucheka. Alikuwa amevimeza vile vidonge kwa muda bila ubishi, huku akijichunguza, na kilima cha nyuma ya hoteli, walikofanyia mazoezi, kilibaki kirefu vilevile. Siku iliyotangulia alikuwa amelipeleka kopo kwa muuguzi wa zahanati. Muuguzi akasema ni vitamini tu, ila nyingi mno. Hiyo mnayoiita kutu huzuka kweli mtu akikimbia, akasema, lakini ndiyo inayoupigia mwili hodi: amka, jijenge. Ukimeza dozi kubwa kila siku, huenda hodi isisikike. Wataalamu bado wanabishana. Ila anayekula vizuri hana haja ya kopo.

"Shangazi, nilipoanza kazi hapa viganja vilichubuka, nikakuomba glavu. Ulinijibu nini?"

Shangazi akakunja foronya iliyokwisha kukunjwa.

"Ulisema mkono ukidekezwa hauoti sugu. Ukaninyima. Nililia, na sugu ikaota. Sasa acha na miguu iote yake."

"Usinirudishie maneno yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Likivunjika, ni guu langu."

Hata mpiga pasi alisahau pasi, shuka likaanza kunuka.

"Haya," shangazi akasema. "Siku ya majaribio mtapanda kilima. Wa mwisho anakosa jezi, na sitaangalia undugu."

Tangu siku hiyo binti alikimbia kila jioni. Mapaja yalimuuma hata ngazi za nyumbani akawa anazishuka kinyumenyume, akishika ukuta, na wenzake wakamwita Kaa, kama yule wa pwani asiyekwenda mbele. Aliitika. Maumivu yalipopoa, alikwenda kuyatafuta tena.

Siku ya majaribio mpiga pasi alifika juu wa kwanza, na vidonge vyake tumboni. Kaa akafika wa tatu, jasho likimtoka, lakini pumzi ya kusema ikiwa imebaki. Kilima kilikuwa kilekile. Miguu ndiyo haikuwa ileile.

"Si wa kwanza," shangazi akasema.

"Wala si wa mwisho."

Shangazi akampa jezi. Juu ya jezi akaweka kidonge.

Binti akachukua jezi. Kidonge akakirudisha katika kiganja cha shangazi, kiganja kigumu chenye sugu za miaka mingi, akavikunja vidole juu yake, kimoja kimoja. Kisha akaanza kukiteremka kilima, kinyumenyume, macho kwa shangazi, ili akipande tena.