Nakala Iliyofufuka

Jumatatu moja ya mwaka 1994 niligundua kwamba nimekufa. Kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya kiwanda cha shaba cha Shituru, jina langu lilikuwa na msalaba. Mimi, niliyezoea kupumua moshi wa asidi nikiimba, nimekatwa pumzi na kibodi. Kibaya zaidi, mfanyakazi akifa nyumba yake hurudi kwa kampuni.

Nilimfuata Symphorien, mtu pekee aliyebaki anayejua kuendesha kompyuta.

"Nilikuwa najaribu programu ya mazishi," alisema. "Nikaiuliza: tuseme Athanase amekufa, mjane apewe magunia mangapi ya unga? Nilipaswa kuipa nakala ya faili lako, iiue nakala. Nikaipa faili lenyewe."

"Minye niko muzima. Unaniona?"

"Ninakuona. Lakini kampuni inaangalia faili."

"Basi nifufue."

Akaandika programu ya kufufua. Safari hii, kwa hofu ya kuharibu tena, akaipa nakala. Printa ikalia, karatasi ikatoka: Athanase, hai. Tulipofungua orodha, nilikuwa bado marehemu. Iliyofufuka ni nakala, nayo ilifutika programu ilipomaliza kazi. Kabla hajarudia, umeme wa bwawa la Mwadingusha ukakatika, na siku hizo ukikatika ni majuma.

Alasiri Hilaire, karani wa nyumba za kampuni, akafika kwangu na jeneza juu ya mkokoteni.

"Nani anapokea?"

"Minye."

"Weye ni nani wa marehemu?"

Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili. "Hii inasema ulikuwa hai saa nne. Sikatai." Akamgeukia mke wangu. "Pole, mama Berthe. Nyumba mutarudisha matanga ikiisha."

Berthe aliacha kuchekecha unga. "Ikiisha?"

"Moto wa matanga ukizimwa, watu wakienda kwao. Ndiyo sheria."

Berthe akalitazama paa, akawatazama watoto wetu wanne. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kulia kwa sauti iliyoita mtaa mzima.

"Kata kuni," akaninong'oneza katikati ya kilio. "Nyingi."

Nikakata. Mashairi ya kuniomboleza nilitunga mwenyewe, maana sikuona mwingine wa kunisifu vya kutosha. Huu ni mwezi wa tisa wa matanga; umeme wa ofisi bado haujarudi. Majirani wanapokezana, moto hauzimwi. Kila Jumamosi Hilaire huja na fomu zake, huvua kofia, hunipa mkono wa pole.

"Muko tu munalia?"

"Tuko tu tunalia, shefu."