Dakika Kumi na Moja za Mapokezi

Kompyuta ya mapokezi ilichukua dakika kumi na moja kuwaka. Sitii chumvi. Nilizipima kwa saa ya mkononi kila asubuhi kwa mwezi mzima, nikaziandika kwenye daftari pamoja na ombi la diski mpya, maana meneja wa zahanati yetu hasikii neno la karani mpaka aletewe maandishi.

Hata maandishi hakuyasikia. Alilifungua daftari, akalifunga.

"Diski mpya kwa mashine kuukuu? Hailipi, dada. Dakika kumi ni nini? Kunywa chai."

Ninywe chai! Benchi la wagonjwa liko hatua mbili kutoka mezani kwangu, na amri yake mwenyewe inasema daktari asimwone mtu bila namba ya faili, na namba zote zimo ndani ya kompyuta. Asubuhi moja alikuja mama na mtoto anayewaka homa. Mashine ndiyo kwanza ilikuwa inaamka, inakwaruza kama panya kabatini. Mama alinifokea. Dakika ya saba nilimbeba mtoto mwenyewe mpaka kwa daktari, bila namba. Mtoto alipona. Mimi nikapewa barua ya onyo: uzembe na kuchelewesha wagonjwa. Barua ya pili, iliandikwa chini, itakuwa ya kufukuzwa kazi.

Wiki ileile fundi wa kompyuta alikuja na diski mpya, ile SSD isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inayowasha mashine mara moja. Nikasogeza kiti nimpishe. Akanipita, akaingia ofisini kwa meneja.

Fundi huyu ni mume wa mdogo wangu. Alipotoka alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shemeji, kompyuta yake ina ugonjwa gani?"

"Haina. Anachezea karata, tena siku akikumbuka. Amesema ofisi ya meneja haikosi kitu kipya."

Damu ilinichemka. Usiku sikulala, na asubuhi bado nilikuwa nasaga meno. Jumamosi, meneja akiwa hayupo, nilimwita shemeji.

"Badilisha. Yake ije huku, yangu iende kule."

"Unataka tufukuzwe wote wawili?"

"Mimi nimeshafukuzwa, bado tarehe tu. Na wewe usipoleta bisibisi, mdogo wangu atajua leo hii ni nani aliyevunja televisheni yenu."

Akaleta bisibisi. Alihamisha mafaili yangu huku na ya meneja kule. Ya meneja hayakuwa mengi.

Jumatatu niliwasha mashine, nikaenda kufungua dirisha kama nilivyozoea. Nilipogeuka ilikuwa imeshawaka. Ningefurahi, lakini nilisimama pale na pazia mkononi nikiwa na hasira kuliko siku zote. Hiki tu! Kumbe ni hiki tu tulichonyimwa, mimi na benchi zima!

Wiki tatu zikapita. Kufika saa tatu asubuhi benchi lilikuwa tupu. Meneja hakugundua kitu, kwa sababu kompyuta yake haikuguswa hata mara moja.

Ndipo akaniita ofisini. Mwenye zahanati, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa ameketi mbele yake.

"Ndiye huyu," meneja alisema. "Barua moja tu ya onyo, na foleni imekwisha. Sikutumia hata senti. Wafanyakazi hawa wanataka kubanwa."

Machungu kama yale sijawahi kuyameza.

"Nionyeshe hesabu ya wagonjwa," mama alisema.

"Sasa hivi, mama. Mashine yangu ina diski mpya." Akabonyeza kitufe.

Ikaanza kukwaruza. Sauti ile naijua hata usingizini.

Dakika ya pili meneja alitabasamu. Ya nne akaipigapiga mashine ubavuni. Ya sita jasho lilimtoka, na mama akatazama saa yake.

"Ina nini?"

"Haina kitu, mama," nilijibu mimi. "Hiyo ndiyo diski ya mapokezi. Ya kwake iko mezani kwangu, wiki ya tatu leo. Bado dakika tano."

Meneja alinitolea macho. Nikafungua mkoba, nikatoa barua yangu ya onyo, nikaikunjua na kuiweka juu ya kibodi yake.

"Msomee mama, bosi. Muda upo."