Wazee wa Darini

Mama Simu alipigiwa pasi gauni lake la buluu na binti yake, akavaa viatu vinavyobana, na jioni wakaingia ukumbini wameshikana mikono. Ilikuwa tafrija ya kuchangisha fedha za kituo cha wazee. Jina la Mama Simu alilipata ujanani, alipokuwa akiunganisha simu za mji mzima, na sauti yake bado ilikuwa ileile: ukiisikia unanyamaza.

Alikuwa na neno moja tu la kusema. Kituo kilikuwa kikifungwa Jumamosi na Jumapili, na hizo ndizo siku ambazo mzee anayeishi peke yake huishia kuzungumza na birika. Wenzake walimtuma aombe wafunguliwe, angalau Jumapili.

Meneja wa kituo alimpokea kwa bashasha, akamkalisha jukwaani kwenye kiti kilichozungushiwa maua. Mama Simu akauliza atasema saa ngapi. Akaambiwa atulie tu, bibi, zamu yake itafika.

Mwenyekiti wa kamati alianza kwa kusema kwamba wazee ni dhahabu. Mama Simu akahisi visigino vimeachana na zulia. Mgeni rasmi akasema wazee ni hazina, ni mizizi, ni nguzo, na kila sifa ikamwinua kidogo. Alipoitwa taa ya jamii, alikuwa keshayapita maua. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha alimtazama, akateremsha kamera, maana picha aliyoitaka alikuwa keshaipata. Binti yake alimwashiria kutoka mezani ashushe pindo la gauni.

Mama Simu akaomba kipaza sauti. Mshereheshaji alikinyoosha juu mpaka akasimama kwa ncha za vidole, lakini hakikufika, na ratiba ilikuwa imebana. Ikatangazwa kwamba michango itajenga geti jipya lenye taa za rangi. Ukumbi mzima ukasimama kwa furaha.

Mama Simu akazidi kupanda hadi darini, na huko aliwakuta wazee wanne, wamekaa juu ya mabomba ya kiyoyozi. Kinyozi mstaafu, aliyesifiwa mwaka uliopita, alikuwa akigawa karata.

"Karibu, dada. Shika mnyororo wa taa, upepo wa hapa una utani."

"Ahsante, kaka. Wewe ulikuja kuomba nini?"

"Jumapili," alisema kinyozi.

Mkunga aliyekaa pembeni yake, mkongwe kuliko wote, hakuinua macho kutoka kwenye karata zake. "Na mimi Jumapili," akasema.

Wageni walipoondoka, binti alisimama chini ya taa akauliza kama mama atashuka. Mama Simu alijaribu. Alijisema vibaya kwa dhati: kwamba ana kiburi, kwamba mchuzi wake siku zote una chumvi nyingi. Akashuka kidogo. Halafu akakumbuka kwamba kesho yake ni Jumapili, akaiona nyumba ilivyo kimya, akaacha kujisema.

"Niletee miwani na sweta, mwanangu," alisema. "Huku kuna baridi."

Binti akaleta, akavipandisha kwa mti wa ufagio. Tangu hapo huja kila wiki, hulala chali kwenye viti vitatu vilivyounganishwa, wakapiga soga mpaka shingo ya mmoja wao ichoke.

Geti likajengwa, nalo linapendeza, hasa Jumapili, likiwa limefungwa.

Siku moja meneja alifika ukumbini kuwaomba wazee wapunguze vicheko, maana maharusi wamelalamika. Kwa adabu akauliza pia kama kuna kitu wanachohitaji. Mama Simu akamjibu kwa sauti yake ileile, na wenzake wakaitikia.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Akasema jambo hilo atalifikisha kwenye kamati. Kisha akawashukuru kwa uvumilivu wao, akawaita hazina isiyo na kifani, na wote watano wakapanda ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki, wakagonga vichwa.