Bluu Isiyoshuka

Mbweni nzima, kuanzia nyumba za ufukweni mpaka zile ambazo bado zimechomoza nondo juu, hakuna mtu anayeyajua maji ya chumvi kunishinda mie, Gervas wa Chamazi. Samaki wenyewe wakiniona wanapanga foleni.

Kazi yangu ni moja tu, kulitunza tangi la braza Talha. Liko sebuleni kwake, refu kama kitanda, limejaa maji ya bahari, samaki kumi na mmoja na matumbawe hai. Kuna tumbawe moja la zambarau, hilo braza analisalimia kabla hajatusalimia sie.

Sasa matumbawe yana adui wao, fosfeti. Inatokana na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Ikizidi, mwani unaota kwenye mawe kama nyasi za uwanja wa mpira, matumbawe yanafifia, mwisho yanakufa. Kuipima ni rahisi: unachota maji kwenye kichupa, unatia unga wa dawa, unatikisa, unasubiri. Yakibaki meupe, umesalimika. Yakigeuka bluu, kazi unayo.

Yangu yakageuka bluu.

Braza alikuwa Mwanza kikazi. Nikakipiga picha kichupa, nikamtumia. Akapiga simu hapohapo.

"Gervas, ishushe hiyo kitu. Narudi Jumamosi. Nikikuta zambarau langu linakufa, tangi navunja, na wewe kazi hapa huna."

"Braza, wewe rudi kwa amani. Utakuta maji meupe mpaka uulize yako wapi."

Siku hiyohiyo nikabadilisha robo ya maji. Nikatumbukiza na mfuko wa zile chembe za rangi ya kutu, ambazo kazi yake ni kunyonya fosfeti. Chakula cha samaki nikakipunguza, kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Mchana nikavuta stuli mbele ya tangi kama kawaida yangu, nikala ugali na dagaa niliopikiwa na Bibi Hamida, mama yake braza, aliyekuja kutoka Lindi kumtembelea mwanawe. Samaki wakajaa kwenye kioo, wananitazama mdomoni. Mie nimelelewa bwana, kwetu huli mbele ya mtu bila kumkaribisha. "Karibuni," nikawaambia, nikawatupia dagaa wawili watatu, nikaendelea na tonge langu.

Jumatano nikapima. Bluu imekolea.

Nikajikuna kichwa. Nikaisoma upya karatasi ya maelekezo, nikaigeuza, upande wa pili Kijerumani. Nikaosha kichupa, nikapima tena. Ileile. Basi nikabana zaidi: leo wanafunga, kesho wanakula. Njaa ikawashika mpaka nikila wanagonga kioo kwa pua. Roho ikaniuma, nikawakaribisha kwa kiganja.

Alhamisi, bluu ya kaptula ya shule. Yaani napunguza chakula, fosfeti inapanda! Hesabu gani hiyo? Kemia nilipata C, lakini hii hata mwalimu wangu angeomba ruhusa ya kwenda chooni. Na zambarau nalo limeanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Nikageuka, nikamwona Bibi kwenye kochi lake, chetezo miguuni, udi unafuka. Ahaa!

"Shikamoo Bibi. Samahani, huo moshi ndo unaoingia kwenye maji. Unaua matumbawe."

"Marahaba. Moshi wa udi, mjukuu wangu?"

"Wa udi ndo mbaya kuliko yote. Kisayansi kabisa."

Maskini, akauzima. Ijumaa yote, siku yenyewe ya udi, sebule ikanukia dagaa tu.

Jumamosi mchana braza akaingia na begi begani. Hakusalimia mtu. Akachuchumaa mbele ya zambarau, akalitazama kama anatazama mgonjwa, kisha akachota maji akapima mwenyewe. Kichupa kikawa kama kimejazwa wino.

"Gervas. Unawapa nini hawa?"

"Punje, braza! Tena siku moja moja. Jana wamefunga kabisa. Haki ya Mungu hata mie sielewi. Nahisi ni udi wa Bibi, ila nimeshamkanya."

Braza akamgeukia mama yake. "Mama, eti ni kweli?"

"Nimeacha, mwanangu," Bibi akasema. "Ila usimkaripie huyu kijana, kalelewa. Wiki nzima nimekaa hapa namtazama. Hajatia tonge mdomoni bila kuwakaribisha samaki wako. Na jana, kwa vile walikuwa wamefunga, kawafuturisha bakuli zima la dagaa."

Braza akanyanyuka taratibu, akanitazama. Samaki nao wakasogea kwenye kioo, wote kumi na mmoja, kwa foleni, wakanitazama mdomoni.