Ukuta Aliousimamia Inshirahi

Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, mlango ulikuwa na ufunguo mmoja, na asubuhi Jumana alipobanwa na pumu, ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa baba yake, ndani ya treni ya Kasablanka.

Inshirahi alivuta mlango mara ya kwanza akidhani umekwama. Akavuta tena, mguu mmoja ameukita ukutani. Mwishowe akainama na kutazama tundu la kufuli. Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho. Mumewe, Rifaati, alikuwa amefunga kwa nje.

"Mjinga," alisema. "Mjinga wa kutupwa."

Kufuli hilo ndilo lililokuwa fahari ya Rifaati. Bwana aliyeikarabati nyumba na kuwauzia alikataa katakata kutia kitasa cha kisasa. Mlango wa mwerezi, misumari ya chuma, kufuli la mababu: ukigusa kimoja, alisema, umeharibu vyote. Ufunguo wenyewe ulikuwa mrefu kama mwiko. Watu wa Fez hawautumii ufunguo wa namna hiyo ila nyumba inapobaki tupu, na nyumba zao hazibaki tupu. Daima yupo nyanya au shangazi ndani. Lakini Rifaati alikuwa mtu wa fleti za Iskanderia, kwao Misri. Akitoka, anafunga. Kule kila mtu alikuwa na ufunguo wake, na mkono wake ulishazoea.

Fleti yenyewe walishaiuza. Ilikuwa na madirisha saba ya kutazama barabara, na Inshirahi alikuwa akiyalalamikia yote kwa sababu ya vumbi. Picha za nyumba hii zilipofika, vigae vya kijani, ua wenye chemchemi, dari ya mbao iliyochongwa, ni yeye aliyesema, "Hii hii. Usitafute nyingine." Hakuna picha iliyoonyesha kwamba madirisha yote yalitazama uani, na kwamba upande wa nje palikuwa na ukuta mtupu kutoka chini hadi juu.

"Mama," Jumana aliita kutoka kwenye kochi. Filimbi ilikuwa inalia kifuani mwake.

Inshirahi alimwekea inhela mdomoni, akabonyeza. Ikatoa hewa kavu. Akaitikisa, akabonyeza tena. Hakuna kitu. Nyingine ilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa nje ya lango la mji, maana vichochoro ni vyembamba, gari haliingii humu.

Simu ya Rifaati haikupatikana. Akapiga kwa watu wa ambulansi.

"Mlete mpaka langoni, dada," mwanamume alimwambia. "Huko ndani gari halifiki."

"Nimekwambia mlango umefungwa!"

"Basi mwambie mwenye ufunguo afungue."

Alikata simu asije akamtukania mtu mama yake.

Akaugonga mlango kwa ngumi, kisha kwa kiatu. Uchochoro wao ulikuwa kipofu, hauendi popote, na wanaume walishatoka kwenda kazini. Pale kona wafua shaba walikuwa wanapiga sufuria zao tangu alfajiri. Mwenye kugonga mahali hapo amsikie nani?

Likabaki paa.

Wiki ya kwanza ya kuhamia, Inshirahi alipanda na beseni la nguo, akakuta wanawake watatu wameketi juu ya paa lake wakichambua ngano, birika la chai katikati. Mmoja, mnene, mwenye hina mpaka kwenye vifundo, alimwambia, "Karibu, binti yangu, kaa." Inshirahi akakaribishwa nyumbani kwake mwenyewe! Huyo alikuwa Lalla Batuli, yaani Bibi Batuli, jirani, na wote walikuwa wamepita kwenye pengo la ukuta mfupi unaotenga mapaa. Wanawake wa Fez hupita juu. Wanaume hawapandi huko, ni aibu. Mwanamke anaweza kutoka hapo akafika mtaa wa tatu bila kugusa uchochoro.

"Nimenunua nyumba au stesheni?" Inshirahi alimuuliza Rifaati jioni ile. Wiki iliyofuata fundi aliziba pengo na kupandisha ukuta juu ya kimo cha mtu, huku Inshirahi amesimama nyuma yake. "Tia nondo," alimwambia. "Sitaki uanguke." Lalla Batuli alitazama kazi kutoka upande wake mpaka tofali zilipofika kifuani mwake.

"Binti, mlango wa chini ni wa wanaume. Wa kwetu ndio huu."

"Asante, Lalla. Mmoja unanitosha."

Sasa alipanda ngazi na mtoto begani, kila pumzi ya mtoto ikikwaruza kama kisu juu ya sufuria. Midomo ilikuwa imeanza kuingia rangi ya majivu.

"Lalla Batuli! Lalla Batuli! Nisaidie!"

Kisha ndara zikaburuzwa upande wa pili.

"Nani huyo? Mmisri? Kumbe ukuta unasema."

"Mtoto hapumui! Mlango umefungwa kwa nje, mume wangu kaondoka na ufunguo!"

"Ule mmoja uliokutosha?"

"Lalla, nitukane baadaye!"

"Nitakutukana vizuri tu, usijali," alisema Lalla Batuli, na sauti yake ikawa imeshageukia kwingine. "Hasna! Hasna we! Acha hiyo mboga, lete nyundo!"

Iliyokuja ilikuwa nyundo ndogo ya kuvunjia mabonge ya sukari ya chai. Inshirahi aliisikia ikigonga tofali, ti, ti, ti, kama kuku adonoaye.

"Hasna, nimekwambia nyundo, umeniletea kijiko!"

"Ndiyo tuliyo nayo, mama mkwe!"

Inshirahi alimlaza Jumana, akashuka mbio. Katika shubaka la sebuleni yule bwana wa ukarabati alikuwa ameweka kinu cha shaba na mchi wake, pambo lisiloguswa. Alirudi na mchi. Tofali zilikuwa za matundu. Pigo la nne liliitoboa ya kwanza, na jicho la Lalla Batuli likaonekana.

"Piga chini kidogo. Hapo. Tena."

Walipiga pande zote mbili. Tofali zilimeguka, nondo mbili zikabaki zimesimama katikati kama meno. Kati yake palipita mtoto, kichwa kwanza, kisha bega moja, kisha jingine. Hasna, mke wa mwana wa Lalla Batuli, alimpokea, akamfunga mgongoni kwa shuka, akakimbia juu ya mapaa kuelekea langoni, bila ndara.

Inshirahi akaingiza mkono wake, bega lake, kichwa chake. Kifua kikakwama.

"Toa pumzi," alisema Lalla Batuli akimvuta.

"Nimetoa!"

"Basi rudi nyuma, utavunjika mbavu. Rudi, binti."

Alirudi. Akakaa chini juu ya vifusi. Mkono wenye hina ukapita kwenye tundu ukamshika kifundo cha mkono. Chini wafua shaba waliendelea kupiga. Ndani ya mchirizi wa jua nguo za Jumana zilikuwa zinakauka kwenye kamba.

Sauti ilianzia mbali, paa la huko karibu na lango, mwanamke akimwita mwenzake. Mwenzake akampokeza wa tatu. Lalla Batuli aliinua kichwa.

"Wanasemaje?" Inshirahi aliuliza. "Wanasemaje, Lalla?"

"Nyamaza nisikie." Kisha akamminya mkono. "Ambulansi imempokea, inampeleka hospitali. Amewekewa mashine. Anapumua. Anakulilia."

"Waambie nakuja."

Lalla Batuli alizitazama nondo, akamtazama yeye.

"Nitawaambia," alisema.

Simu ikalia. Rifaati. "Umenipigia mara kumi, kuna nini? Ndio nashuka stesheni."

"Mwanao yuko hospitali. Mimi niko ndani. Ufunguo unao wewe."

Alimsikia akijipapasa mfukoni. Alisikia chuma kikigonga sarafu.

"Napanda treni inayorudi," alisema Rifaati kwa sauti ndogo. "Baada ya saa nne tu, Inshirahi, nitakuwa hapo."

Inshirahi aliweka simu chini, akaokota mchi, akaanza kupiga zege lililoshika nondo. Alipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Zege halikumeguka hata punje. Fundi alikuwa amefanya kazi safi; Inshirahi alimsimamia mwenyewe, tofali kwa tofali.